Mota Iliyozeesha Wimbo

Vijana wangu wa benchi, mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, na mimi sikatai kuombwa. Naitwa Wafula. Ninyi mnaniita Fundi Mkubwa. Jina hilo sikujipa, ingawa sikulirudisha pia. Shule niliishia darasa la nne. Lakini hakuna mashine ya kuimba iliyoingia Eldoret, iwe kubwa kama kabati au ndogo kama mche wa sabuni, ambayo sikuifungua tumbo nikaona imekula nini. Wenye vyeti ni wengi mjini hapa. Wengi wao niliwatengenezea redio.

Mambo ya nilipata nini na nilijenga wapi sitaandika. Nyumba yangu iko Kiplombe, ina orofa moja, na anayetaka kuitazama apite barabarani, kutazama ni bure. Nataka kuwaandikia habari za mashine ndogo za kaseti, zile tulizovaa kiunoni na waya ukapanda mpaka masikioni. Ninyi mmezikuta zimekufa, mnazitumia kuzuia mlango. Mimi ndizo zilizonifundisha kazi, na moja kati ya hizo ilitaka kumpoteza mwalimu mzima.

Nilianzia kwa Mzee Odongo. Alikuwa fundi wa redio jeshini, na alipotoka jeshini alipata nafasi kwenye veranda moja nyuma ya soko, yeye upande huu na fundi cherehani upande ule. Siku ya kwanza alinipa redio na bisibisi, akaniambia niifungue.

"Imeharibika wapi, mzee?"

"Haijaharibika. Ndiyo maana nimekupa wewe. Ifungue, halafu uifunge. Nataka kuona kama utaiharibu."

Nilifungua, nikafunga. Redio ikalia vizuri, nami nikatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Mzee akanyoosha kiganja. Ndani yake palikuwa na skrubu iliyokuwa imebingirika chini ya kiti changu.

"Na hii?"

"Hiyo imezidi, mzee."

"Imezidi! Kwa hivyo yule Mjapani alikuongezea skrubu kwa sababu ya mapenzi?"

Fundi cherehani alicheka mpaka akaacha kukanyaga pedali. Siku nzima nilifungua na kufunga redio ile ile, na nilipoenda nyumbani nilikuwa najua mahali pa kila skrubu kama meno yangu. Ninyi siku hizi mnaanza na kutazama video. Sawa.

Bisibisi tulitengeneza wenyewe kwa spoki za baiskeli. Unapiga ncha nyundo, unaisugua kwenye jiwe mpaka iingie kwenye skrubu ndogo kuliko mbegu ya sukumawiki, halafu unachoma upande mwingine ndani ya mpini wa mti. Chuma cha kulehemu kilikuwa kipande cha shaba tunachokipasha moto kwenye jiko la makaa, maana stima pale veranda ilikuwa ya kuomba kwa jirani, na jirani alikuwa na siku zake za kukataa. Lakini kifaa kikubwa nilichopewa na Mzee Odongo hakikuwa cha chuma. Kilikuwa neno. Alikuwa akisema: "Kila kitu kidogo kimenyang'anywa kitu. Kabla hujakitengeneza, uliza kimenyang'anywa nini."

Mzee alipopumzika kazi nikabaki na veranda. Kisha nikahamia chumba chenye mlango, stima na kaunta, na bango lililoandikwa na mchoraji aliyenisihi nikubali aniandike "daktari" wa redio. Nilikubali. Na hapo ndipo zile mashine ndogo zikaanza kuja.

Zililetwa na wakimbiaji. Vijana wa huku walikuwa wanakwenda ng'ambo kukimbia na kusoma, na wakirudi likizo wanarudi na viatu vya rangi, na kiunoni mashine ya kaseti. Wa kwanza alipoiweka kwenye kaunta yangu, niliipima mkononi nikamkumbuka mzee wangu. Nikajiuliza: hii imenyang'anywa nini?

Spika, kwanza. Spika inakula betri na inataka nafasi, basi wakaitoa, na muziki ukawa wa mtu mmoja. Wazee wa huku hawakuipenda hiyo. Mtu anatikisa kichwa peke yake barabarani, na wewe uliye kando yake husikii kitu: ni uchoyo huo ama ni wazimu?

Halafu walinyang'anya uzito. Ndani ya redio kaseti kubwa kuna gurudumu zito linalozunguka, na uzito wake ndio unaoshika mwendo usitetemeke. Kwenye zile ndogo gurudumu ni jepesi kama kifuniko cha soda. Ukikaa, inaimba vizuri. Ukitembea, inaimba vizuri kiasi. Ukikimbia, mwimbaji anakuwa mtu aliyepakiwa nyuma ya trekta.

"Fundi, sauti inatetemeka nikikimbia," mkimbiaji mmoja akaniambia.

"Kimbia polepole."

"Mimi kukimbia ndiyo kazi yangu!"

Nikamwongezea risasi ya kulehemu kwenye gurudumu, pande zote sawasawa, kwa mizani ya macho yangu haya. Sauti ikatulia kabisa. Baada ya wiki akarudi, mkono mmoja umeshika mashine na mwingine umeshika suruali ya mazoezi. Betri zilikuwa zinakwisha kabla ya mlima, na uzito ulikuwa unamvua nguo mbele ya wenzake. Nikaitoa risasi. Hapo nikajua kwamba yule aliyeichora mashine hakuwa mjinga. Alikuwa amefika mahali nilipofika mimi, akasimama, akachagua. Mimi nilifika bila karatasi.

Kingine kilichonyang'anywa ni kile kitufe chekundu cha kurekodi. Watengenezaji walikitoa ili mashine iwe nyembamba. Huku kwetu watu walishukuru kwa sababu nyingine. Miaka ile ya chama kimoja, ukionekana na mashine ya kurekodi mahali penye mkutano, ungeulizwa maswali na watu ambao hawajitambulishi. Ile ya kusikiliza tu haikuwa na kesi. Mteja akiniuliza achukue ipi, nilimwambia, "Hii haisikii, inasema tu," na alielewa haraka kuliko habari yote ya mota.

Sasa nifike kwenye kitu chenyewe. Kwenye mota ya mashine hizi kuna kidude kinachoshika mwendo. Tulikiita gavana. Leo ukitaja gavana watu wanageuka kutafuta msafara wa magari. Wetu alikuwa mdogo kama punje ya mahindi na alifanya kazi kila siku. Kazi yake ni hii: anakula betri kidogo ili mwendo usibadilike. Betri ikiwa mpya, wimbo ni ule ule. Betri ikichoka, wimbo ni ule ule. Betri ikifika mwisho, mashine inasimama papo hapo, basi. Lakini ukimtoa gavana ukaweka rizista, kile kidude cha kubana umeme, mahali pake, betri zile zile zitakwenda mbali zaidi, ila wimbo utateremka nazo. Mwendo unapungua na sauti inakuwa nzito. Msichana anaimba kama mama yake, na mama anaimba kama babu.

Dereva mmoja wa lori la mahindi ndiye aliyenifungulia biashara hiyo. Aliingia na hasira.

"Fundi, hii kitu inakufa kabla sijafika Malaba."

"Inakufa kwa sababu ni mkweli. Ikiona haiwezi kuimba sawa, inanyamaza."

"Mimi sitaki mkweli. Nataka yenye itafika Malaba."

Nikamtoa gavana. Aliporudi alikuwa anacheka. "Inaimba kama mlevi, lakini inafika!" Habari zikaenea kwa madereva, kwa walinzi, kwa wauza maziwa. Kila aliyekuja nilimuuliza kwanza: unataka ifike, ama unataka iseme kweli? Wengi walitaka ifike. Magavana wao niliwaweka kwenye kikopo cha kakao, kila mmoja amefungwa kwa karatasi yenye jina la mwenyewe, kwa sababu nilijua wengine watarudi. Fundi mwingine angewatupa.

Ndipo akaja Mwalimu Kirwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Kiplombe, mwembamba, koti moja, mfuko wa koti mweupe kwa chaki. Alikuwa na kwaya, na alikuwa na mashine ya kiunoni aliyoletewa na mwanafunzi wake wa zamani, mkimbiaji. Sikukuu ya taifa ilikuwa inakuja na shule zote zilikuwa zimepewa kaseti ya wimbo mmoja, wimbo wa kusifu maendeleo, wa maghala kujaa na nchi kutulia. Siku yenyewe kwaya zote zingeimba pamoja uwanjani, na bendi ya tarumbeta, mbele ya wakubwa. Shule yake haikuwa na stima wala redio kubwa. Basi Mwalimu alikuwa anaweka waya sikioni, anasikia mstari mmoja, anawaimbia watoto, wanamrudishia.

"Inamaliza betri," akaniambia. "Na betri natoa mwenyewe."

"Mwalimu, nikimtoa gavana itaishi sana. Lakini itazeeka."

"Hata mimi nimezeeka, fundi, na bado nafundisha."

Tukacheka wote wawili. Nikamtoa gavana, nikamfunga kwa karatasi, nikaandika Kirwa.

Kitu ambacho sikukijua ni jinsi mwalimu yule alivyokuwa hodari wa kukamua betri. Mnakumbuka tulivyokuwa tunaanika betri juani juu ya mabati zipate nguvu kidogo, na kuziuma kwa meno? Mwalimu Kirwa aliigeuza iwe zamu darasani. Kama kuna zamu ya kufuta ubao na zamu ya kuteka maji, kulikuwa na zamu ya betri. Mtoto wa zamu anaziuma asubuhi, anazianika wakati wa mapumziko, anazirudisha saa ya kwaya. Hivyo betri ambazo zingekufa mapema zilivutwa na kuvutwa, na kila siku wimbo ulishuka kidogo, kidogo sana, na Mwalimu akashuka nao, na watoto wakashuka na Mwalimu. Hakuna aliyejua. Ukiteremka ngazi fupi gizani, unadhani bado uko juu.

Jumatatu ya wiki ya sikukuu shule zote ziliitwa mjini kufanya mazoezi pamoja. Jioni Mwalimu Kirwa aliingia dukani kwangu. Kulikuwa na manyunyu na baridi ya huku mnaijua, lakini kola yake ilikuwa imelowa jasho.

"Fundi, ile bendi ina nini? Inakimbia!"

"Inakimbia vipi?"

"Inakimbia! Shule zingine zote zimefundishwa kukimbia pia. Wangu wakabaki nyuma, beti nzima. Wenzao wamemaliza, wangu bado wanaimba, tena chini, chini, kama... "

"Kama nini?"

Akaketi kwenye stuli ya wateja akaniambia yote. Watoto wake walipobaki peke yao katikati ya uwanja wakiimba habari ya maghala kujaa, polepole na kwa sauti nzito, afisa aliyekuwa anasimamia sherehe alisimamisha kila kitu akatembea mpaka mbele yao. Akasema, "Mwalimu, huu ni wimbo wa maendeleo ama wa kuteremsha jeneza?" Watu wakacheka. Halafu afisa akauliza, bila kucheka, "Unamzika nani?" Wote wakaacha kucheka. Hakuna aliyetaka kuonekana amemaliza kucheka wa mwisho. "Ijumaa," afisa akasema, "nitasimama mimi mwenyewe karibu na kwaya yako. Ikiwa hivi tena, utatueleza ni nani mnayemwombea mabaya."

Ninyi mmezaliwa juzi, mtaona ni maneno tu. Miaka ile mwalimu aliweza kutoka nyumbani akaenda kueleza jambo kama hilo, na chai yake ikapoa mezani mpaka mkewe akaimwaga. Kirwa alikuwa na watoto nyumbani na mama mzee. Nikachukua mashine mkononi mwake.

Nilitoa kaseti yake nikaitia kwenye mashine yangu kubwa ya kaunta. Wimbo ukaruka nje, wa kasi, wa juu, tarumbeta zinacheka.

"Hii mashine yako ni mbovu," Mwalimu akasema. "Nayo inakimbia."

"Hii inakula stima, Mwalimu. Haijui kuchoka."

Akasikiliza tena. Nikaona anaelewa, polepole, kuanzia kwenye nyusi mpaka mabegani.

"Umeniua, fundi."

"Mimi? Ni nani alisema amezeeka na bado anafundisha?"

"Hakuna wakati wa kesi! Nifanye nini?"

Kwanza nilifanya kama ambavyo fundi yeyote angefanya. Jumanne asubuhi nilifunga duka, kitu ambacho sikuwahi kufanya hata siku ya harusi yangu, nikaenda naye shuleni na betri mpya, na mwendo sahihi. Ilikuwa balaa. Mwalimu mwenyewe ulimi ulijikwaa. Watoto walipojaribu kumfuata, mistari iligongana mdomoni kama watu mlangoni, na kwenye sauti za juu wakapasuka, wengine wakacheka, kisha msichana anayeanzisha wimbo, Jepkosgei, akaanza kulia, na kwaya ikilia haiimbi. Wimbo ule walikuwa wameumeza ukiwa mzito. Ulikuwa umekaa miilini mwao hivyo. Huwezi kung'oa kitu cha namna hiyo kwa siku moja.

Nilikwenda nikasimama nyuma ya choo cha walimu nikafikiri. Na hapa mnisikilize, kwa sababu hili sikusoma popote wala sikuambiwa na mtu. Nilijiuliza lile neno la mzee, lakini nikaligeuza. Mashine hii imenyang'anywa gavana. Haya, imepata nini? Imepata kuteremka bila mtu kujua. Na kitu kinachoweza kuteremka bila mtu kujua, kinaweza kupanda vile vile.

Nikarudi mjini nikang'oa kile kifundo cha kuongeza na kupunguza sauti kwenye redio iliyokufa. Nikatoa rizista kwenye mashine ya Mwalimu, nikaunga kifundo mahali pake kwa waya mrefu. Sasa nikikizungusha huku, mota inapata nguvu. Nikikizungusha kule, inapungukiwa. Nikatia betri mpya, nikaizuia mpaka ikaimba polepole kabisa kama walivyoizoea, mazishi yao yale yale. Mchana tulikuwa tumerudi mbele ya watoto.

Picha yenyewe mngeiona mngecheka mwaka mzima. Waya wa masikioni una ncha mbili: moja niliiweka sikioni mwa Mwalimu na nyingine kwangu, tukawa tumefungwa pamoja kama ng'ombe wa plau. Kwenye sikio langu la pili nilikuwa na mashine yangu mwenyewe, yenye gavana wake, na nakala ya kaseti ile, inaimba mwendo sahihi. Kifundo nilikuwa nimekificha chini ya koti la Mwalimu, mgongoni, na mkono wangu ndani.

"Ukizungusha uniambie," akanong'ona.

"Sikuambii."

"Kwa nini?"

"Utaogopa, na wao watakuona umeogopa. Wewe imba."

Akaimba, wakamrudishia. Kila walipopumua kati ya beti, nilisogeza kifundo unywele mmoja. Watoto hawakusikia chochote. Waliona tu mtu mzima anapapasa mgongo wa mwalimu wao.

"Fundi anakaza Mwalimu skrubu!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Ananikaza kwa sababu ninyi mmenilegeza," Mwalimu akajibu. "Tena! Kutoka mwanzo!"

Kicheko hicho kilitusaidia, maana kwaya iliyocheka inafungua kifua. Siku hiyo tulipanda kidogo. Jumatano tukapanda tena. Masikioni mwangu kulikuwa na vurugu: sikio moja mazishi, sikio lingine harusi, na mimi katikati nimekaza meno. Lakini zile nyimbo mbili zilikuwa zinakaribiana. Watoto walianza kusimama wima bila kuambiwa. Jepkosgei alipanda kwenye ile sauti iliyomliza Jumanne akaipita kama mtu anayeruka mtaro, na hakujua kwamba ameuruka.

Alhamisi, karibu na kengele ya kwenda nyumbani, nilizianzisha mashine zote mbili kwa pamoja, na masikio yangu yakakubaliana. Kama hamjawahi kusikia kitu hicho, mjaribu. Nyimbo mbili zikiwa na mwendo mmoja, huzisikii tena kulia na kushoto. Ni kama mtu mmoja ameingia akasimama katikati ya kichwa chako. Nilisimama pale nyuma ya koti la Mwalimu, mkono kwenye kifundo, na sikukisogeza tena.

Mwalimu alikuwa hajui. Alipunga mkono kumaliza, akanigeukia na uso wa mtu anayeaga.

"Ni vile vile tu, fundi. Hatujabadilika. Nimekwisha."

"Sikia hii." Nikamwekea waya wa mashine yangu, ile yenye gavana.

Akasikiliza. Midomo ikaanza kufuata maneno, bila kujikwaa.

"Si ndiyo hii tumeimba saa hii?"

"Hiyo ni ya bendi, Mwalimu."

Alinitazama. Akawatazama watoto. Kisha akakaa chini kwenye nyasi na koti lake, mwalimu mzima, akacheka mpaka chaki ikamwagika mfukoni, na watoto wakamzunguka wakidhani sasa ndiyo skrubu imelegea kabisa.

Alipoinuka alisema neno moja. "Nirudishie gavana wangu."

"Atakula betri."

"Ale. Sitaki tena kitu kinanidanganya polepole. Kama ni kufa, ife nione."

Jioni hiyo nikamtoa kwenye kikopo cha kakao, nikamrudisha mahali pake. Mwalimu alitaka kuwa na wimbo sikioni hata uwanjani, ndani ya kofia, ili mkono wake wa kuongoza kwaya usipotee. Mtu aliyeumwa na nyoka, mwacheni ashike fimbo.

Ijumaa nilikuwa nje ya ua wa uwanja na umati wote. Niliwaona wakubwa wakiketi, niliona kwaya zikipangwa, nikamwona yule afisa anatembea kweli mpaka akasimama mita chache kutoka kwa watoto wa Kiplombe, mikono nyuma. Bendi ikalia. Nilishika waya wa ua nikajikwaruza na sikujua mpaka nilipofika nyumbani. Kwaya zote zikaingia, na kati ya sauti zote zile nilikuwa natafuta moja tu, ile nzito, ya nyuma, na sikuipata. Walikuwa ndani ya mwendo. Beti ya kwanza, ndani. Ya pili, ndani. Kwenye beti ya pili Mwalimu aligusa kofia yake upande wa sikio, mara moja tu, nami nikaukazia macho mkono wake. Lakini mkono haukupotea. Wakamaliza na bendi, neno la mwisho na tarumbeta ya mwisho zikafunga mlango pamoja.

Afisa alipita mbele ya Mwalimu Kirwa bila kusimama. Baadaye Mwalimu aliniambia alichosema. Alisema, "Leo hamjazika mtu." Akaenda zake kwenye soda.

Jumatatu Mwalimu alikuja dukani. Akaweka mashine kwenye kaunta, taratibu.

"Imesimama," akasema.

Nikafungua mlango wa betri. Zilikuwa zile za zamani, zina alama za meno. Mtoto wa zamu, mwaminifu kama jogoo, alikuwa ameziuma, akazianika, akazirudisha kama kila siku, na zile mpya akaziweka vizuri kabatini zisichakae.

"Ilisimama lini?"

"Beti ya pili. Nikiwa katikati."

Nikakumbuka mkono ule kwenye kofia. "Na wewe ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Watoto walikuwa wanaimba. Mimi ndiye nilikuwa nawafuata."

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Zikaja mashine nyembamba kuliko zile, zikaja zisizo na kaseti, kila moja imenyang'anywa kitu, na mimi nikaendelea kuuliza ni nini. Mwalimu Kirwa alistaafu salama, na akipita kwangu bado ananiambia nimkaze skrubu. Mimi sijafika sitini. Ndiyo maana watu wananiuliza kwa nini nimeacha kazi ghafla, mikono ikiwa bado imara. Ni macho. Mwaka huu niliweka risasi mahali pasipo pake, kitu kidogo, mteja hakujua. Ningeweza kuendelea, kila mwezi nikishuka kidogo, na ninyi kwa heshima mngeshuka pamoja nami bila kusema kitu.

Siku hiyo nilizima chuma cha kulehemu nikasimama nyuma ya kaunta, nikawasikiliza mkifanya kazi. Mlikuwa mnabishana juu ya simu fulani, mmoja wenu anauliza, "Lakini hii imenyang'anywa nini?" Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Nikachukua koti langu. Bisibisi zile za spoki ziko kwenye droo ya juu. Nilitembea mpaka Kiplombe kwa miguu, jua linawaka, na sikumbuki siku nyingine niliyotembea nikiwa mwepesi hivyo.